Shule Ikifungwa kwa Ajili ya Maradhi: Mama na Mwalimu Wafanye Nini?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni huku kwetu Malindi na vijiji vya Kilifi. Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya mtoto mchanga, chanjo, malaria na kuhara. Leo mazungumzo yetu ni ya shule. Huenda ukauliza, "Muuguzi na shule, wapi na wapi?" Tega sikio, utaona.

Mwezi wa Januari 2021 mama mmoja alikuja kliniki kumpima mwanawe mchanga uzito. Wiki hiyo shule zilikuwa zimefunguliwa, kwa hivyo nikamuuliza habari za watoto wakubwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Sista, yule wa darasa la sita amekataa kurudi. Ameshazoea kuosha tuktuk, na jioni huniletea shilingi mia. Nami siwezi kumkemea sana, maana hizo mia ndizo zilizotulisha."

Sikuwa na dawa ya kumwandikia. Lakini niliona kwamba korona ilikuwa imeingia katika nyumba ile bila hata mtu mmoja kukohoa. Habari za mama huyu nitazimaliza baadaye.

Nini kilitokea mwaka 2020?

Tukumbushane kidogo. Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la ulimwengu mzima. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Machi, Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Wanafunzi wa kutwa walibaki nyumbani kuanzia siku iliyofuata, na wale wa bweni wakarudishwa makwao wiki hiyo hiyo.

Huku kwetu mambo yalikuwa mazito zaidi. Kuanzia tarehe 8 Aprili watu walizuiwa kuingia au kutoka kaunti za Kilifi, Mombasa na Kwale. Kwa Kilifi zuio hilo lilidumu hadi mwanzo wa mwezi wa Juni. Hoteli za Malindi na Watamu zilifunga milango. Aliyekuwa akipika, akifua, akiuza vinyago au akiendesha watalii alirudi nyumbani mikono mitupu, na watoto nao wako nyumbani, wanataka kula mchana.

Wengi tulidhani ni mambo ya mwezi mmoja. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba masomo ya mwaka huo yamepotea na mitihani ya taifa haitafanywa mwaka huo. Baadaye, tarehe 12 Oktoba, waliitwa wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine wote walirudi tarehe 4 Januari 2021. Mtoto wa darasa la sita, kama yule wa mama wa kliniki, alikaa nje ya shule zaidi ya miezi tisa.

Kwa majirani zetu haikuwa sawa. Tanzania walifunga tarehe 17 Machi 2020 na wakafungua shule zote tarehe 29 Juni. Uganda kuna watoto waliokaa nje karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022.

Kwa nini shule zilifungwa?

Korona huenea kwa hewa na matone yanayotoka mdomoni na puani mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuzungumza au kuimba. Watu wakijazana katika chumba kisichopitisha hewa, mmoja anaweza kuwaambukiza wengi. Sasa fikiria darasa lenye watoto sitini, watatu au wanne kwenye dawati moja.

Watoto wengi walioambukizwa hawakuugua sana. Wengine hata mafua hawakuona. Lakini mtoto huyo hurudi nyumbani akalala chumba kimoja na bibi mwenye kisukari au presha, na bibi ndiye aliyekuwa katika hatari. Wakati ule ugonjwa ulikuwa mgeni, chanjo hakuna, na vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache. Kufunga shule ilikuwa njia ya kupunguza mikusanyiko.

Basi kufunga kulikuwa na sababu. Lakini kila dawa ina madhara yake, na madhara ya dawa hii yalimfika mtoto.

Mtoto hupata nini shuleni, mbali na masomo?

Hapa ndipo muuguzi na shule tunapokutana. Hebu tuhesabu pamoja.

Kwanza ni chakula. Katika vijiji vya Ganze na Magarini, ambako mvua ni ya kubahatisha, kuna watoto ambao sahani ya pure ya shuleni ndiyo chakula chao cha uhakika kwa siku. Shule ilipofungwa, sahani ile ilikwenda nayo.

Pili ni dawa za minyoo. Shuleni watoto wengi hupewa dawa hizi kwa pamoja. Minyoo hula damu ya mtoto, humfanya awe mchovu, asikue vizuri wala asishike masomo. Pwani yetu ina minyoo, na sehemu nyingine ina kichocho.

Tatu ni chanjo. Mwezi wa Oktoba 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Uzinduzi ulifanywa hapa hapa Pwani, Mombasa. Wakati ule msichana alitakiwa apate dozi ya pili baada ya miezi sita. Hesabu kuanzia Oktoba, utafika Aprili 2020. Mwezi huo shule zimefungwa, mwalimu wa kuwakumbusha hayuko nao, na wazazi wengi wanaogopa hata kukaribia hospitali.

Nne ni jicho la mwalimu. Mwalimu humwona mtoto siku tano kwa wiki. Ndiye huona kwamba mtoto fulani haoni ubao vizuri, fulani amekonda, fulani ana alama za kupigwa, fulani alikuwa mchangamfu na sasa hasemi. Shule ikifungwa, jicho hilo halipo. Mtoto anayeumizwa nyumbani au na jirani hana wa kumwona.

Tano ni ulinzi wa msichana. Kaunti yetu ilikuwa na shida hii hata kabla ya korona. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hapa Kilifi karibu wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Halafu watafiti wakawafuatilia wasichana wa sekondari huko Siaya, na mwaka 2022 wakachapisha waliyoyaona. Wasichana ambao masomo yao yalikatizwa na korona walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, na mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na wenzao waliomaliza kabla ya ugonjwa kuja.

Wavulana nao hawakusalimika. Wengine waliingia kuosha tuktuk na bodaboda, wengine wakaenda kwenye machimbo ya mawe, wengine baharini kuvua. Kijana akishazoea kushika pesa, daftari humwia zito.

Mzigo wa mwalimu

Kina mama, mara nyingi tulisema, "Walimu wamelala nyumbani wanakula mshahara bure." Si haki kusema hivyo. Walimu walioajiriwa na serikali ni kweli waliendelea kulipwa. Lakini yule anayelipwa na bodi ya shule kwa pesa za wazazi, yule wa shule ya kibinafsi, yule wa chekechea na ustadhi wa madrasa, wengi wao walikosa kipato siku ile milango ilipofungwa. Wako waliouza mboga, wako waliolima vibarua. Wengine hawakurudi tena kufundisha, na shule ikabaki na pengo.

Masomo yalipelekwa kwenye redio, televisheni na intaneti. Taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha vipindi kupitia KBC. Jambo zuri. Lakini nyumba yenye simu moja tu ya mulika mwizi, na hiyo baba ameondoka nayo alfajiri, mtoto atasomea wapi? Kuna walimu wa vijijini waliotembea nyumba kwa nyumba wakiacha maswali yaliyoandikwa kwa mkono.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliambiwa awaweke watoto mbalimbali, wavae barakoa, wanawe mikono. Madarasa hayakuongezeka. Wengine walifundishia chini ya mwembe. Serikali iliwapa mafundi wa jua kali kazi ya kutengeneza madawati, lakini dawati jipya si darasa jipya. Na shule isiyo na bomba la maji itanawisha watoto mia tano kwa nini?

Walimu pia waliugua. Mwezi wa Oktoba 2020 shule mbili za sekondari za Mombasa zilifungwa tena, siku chache tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu walimu walipatikana na virusi. Mwalimu mwenye presha au kisukari aliingia darasani kila asubuhi akijua hatari yake. Chanjo za kwanza zilifika Kenya mwezi wa Machi 2021, na walimu waliwekwa katika kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na askari.

Kisha ikaja mbio ya kufidia muda. Mihula ilifupishwa na likizo zikakatwa, mpaka kalenda ya kawaida iliporudi mwezi wa Januari 2023. Katika darasa moja mwalimu alikuwa na mtoto aliyesoma na dada yake nyumbani, na mwingine aliyesahau hata kusoma sentensi moja.

Wewe mama, ufanye nini shule ikifungwa?

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Virusi vyenyewe bado vipo, na maradhi mengine huja. Mwezi wa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, Taita Taveta, si mbali na sisi. Mafuriko na kipindupindu pia hufunga shule. Kwa hivyo haya ninayosema si ya kale. Kinga ni bora kuliko tiba.

1. Mjue mwalimu wa mwanao kabla ya shida. Uwe na nambari yake ya simu, naye awe na yako. Huna simu? Mpe nambari ya jirani unayemwamini. Ukihama, mwambie unakokwenda.

2. Weka saa ya masomo. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni yatosha kuanza. Hata kama wewe hukusoma, mwambie mtoto akusomee kwa sauti. Mwache ahesabu nazi, apime unga, arudishe chenji ya mahamri. Mkubwa amfundishe mdogo.

3. Lisha ulicho nacho. Uji wa wimbi au mahindi asubuhi, kunde, mchicha, kisamvu, mutsunga, dagaa, papai na embe za msimu. Ukikosa kabisa, usione haya: mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mtoto anayekonda apelekwe zahanati apimwe.

4. Shule ikifungwa, zahanati haijafungwa. Chanjo za mtoto mchanga ziendelee kwa tarehe zake. Uliza dawa za minyoo. Msichana wa miaka 10 hadi 14 ambaye hajachanjwa HPV, mlete. Njoo na kadi yake kama unayo, na kama imepotea njoo vivyo hivyo.

5. Jua mwanao yuko wapi na yuko na nani. Ukienda shambani au sokoni, mwachie mtu mzima unayemwamini. Zungumza na binti yako juu ya mwili wake, hedhi na mimba, kwa lugha ya wazi. Zungumza na mvulana pia. Mtoto akikwambia kuna mtu amemgusa vibaya, mwamini. Mlete hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na za kuzuia mimba ambazo zikichelewa hazifanyi kazi. Usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa. Hata kama saa 72 zimepita, mlete. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote ni za bure.

6. Kazi ndogo za nyumbani si vibaya. Lakini mtoto asifanywe mlishaji wa nyumba, wala asipelekwe mjini kuwa yaya. Huko ndiko wengi walikopotelea.

Na kama shule ziko wazi huku maradhi yapo?

Mtoto akiwa na homa, kikohozi, kuhara, au vipele asivyokuwa navyo jana, abaki nyumbani, na mwalimu apelekewe habari siku hiyo hiyo. Najua unaogopa atapitwa na masomo. Lakini ukimpeleka, kesho watabaki wengi nyumbani, na huenda mwalimu pia.

Usingoje ukiona dalili hizi: anapumua kwa haraka au kwa shida, hawezi kunywa wala kula, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na kulala usingizi usio wa kawaida. Hapo ni hospitali mara moja, mchana au usiku.

Mfundishe kunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 20: viganja, nyuma ya mikono, kati ya vidole na chini ya kucha. Akohoe kwenye kiwiko. Kama shule haina bomba, wazazi mnaweza kutengeneza vibuyu chirizi. Chukua mtungi wa mafuta wa lita 5, utoboe tundu dogo, uning'inize kwenye mti, ufunge kamba ya kukanyagia ili uiname na kumwaga maji. Kipande cha sabuni nacho kifungwe pembeni. Maji kidogo huwatosha watoto wengi. Na madirisha ya darasa yafunguliwe.

Siku ya kufungua shule

Hii ndiyo siku kubwa. Mtoto asiporudi wiki za mwanzo, kila wiki inayopita humfanya aone haya zaidi kurudi. Mrudishe hata kama sare imembana, hata kama karo haijatimia. Nenda wewe mwenyewe ukaongee na mwalimu mkuu.

Binti akipata mimba, asifukuzwe nyumbani wala shuleni. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2020 inampa nafasi ya kuendelea na masomo na kurudi baada ya kujifungua. Mlete kliniki mapema, kwani mimba ya msichana mdogo ina hatari zaidi. Anahitaji dawa za kuongeza damu, vipimo, na kuzalia hospitali. Mtoto wake akishazaliwa, wewe bibi ukimshikia saa za masomo, umeokoa wawili.

Tumalizie habari za yule mama

Nilimuuliza, "Mwalimu wake anajua?" Akasema mwalimu amekwisha kuja mara mbili kwa bodaboda. Alikuwa na nambari ya mama, ndiyo maana aliweza kumfuata. Mara ya tatu alikuja na mwanafunzi rafiki wa yule mvulana. Wakakaa mkekani, wakazungumza. Mama akakubali kukosa zile mia, mwalimu akakubali kumsaidia baada ya masomo kusoma aliyoyasahau. Wiki ya tatu mtoto akarudi. Alikuwa amerefuka, sare imempita, lakini alirudi.

Nyumba ya jirani kulikuwa na msichana wa darasa hilo hilo. Yeye alipelekwa mjini kwa mtu kufanya kazi za nyumbani wakati wa kufungwa. Mwalimu alipiga simu aliyokuwa nayo, haikupatikana. Aliuliza, akaambiwa familia imehama. Huyo hakurudi, na mimi sijasikia habari zake tena.

Watoto wawili, darasa moja, mtaa mmoja. Kuna mengi yaliyowatofautisha, lakini moja ninalijua: mmoja mwalimu alijua pa kumpata.

Mambo ya kukumbuka

- Shule ikifungwa, zahanati iko wazi. Chanjo na dawa za minyoo ziendelee.
- Mwalimu awe na nambari yako, nawe uwe na yake. Fanya hivyo wiki hii.
- Mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Mwenye dalili za hatari apelekwe hospitali mara moja.
- Jua mwanao yuko wapi na yuko na nani.
- Shule ikifunguliwa, mrudishe siku ya kwanza. Aliyepata mimba pia ana nafasi yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu

1. Katika kijiji chetu, ni mtoto gani hakurudi shuleni baada ya korona? Anaweza kusaidiwa vipi leo?
2. Shule yetu ina maji ya kunawa? Wazazi tunaweza kufanya nini?
3. Shule zikifungwa kesho, nani katika mtaa wetu atawaangalia watoto mchana?

Ukiwa na swali, nikute kliniki siku ya kupima watoto. Njoo na mdogo, na usisahau kuniambia habari za wakubwa.